Waamuzi wa NFL na ugumu wa divisheni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mashabiki wa NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani, wakigombana, mara nyingi ugomvi ni mmoja kati ya miwili: "marefa wametuibia" au "nyie mko kwenye divisheni laini" (divisheni ni kundi la timu nne). Yote mawili yanaweza kujibiwa, mradi ujue nani ana mamlaka ya kuamua nini, na hesabu gani inafaa kwa swali gani. Kanuni zinazotajwa hapa ni kama zilivyokuwa katika msimu wa 2025. Wamiliki wa timu huzigusa karibu kila mwaka, kwa hiyo kabla ya kumbishia mtu juu ya mchezo wa zamani, hakikisha kanuni ya mwaka ule ilikuwa hivyo.

UAMUZI

Waamuzi ni wangapi, na kila mmoja anaangalia nini?

Uwanjani wako saba. Refa mkuu ndiye mwenye kofia nyeupe, wengine sita huvaa nyeusi. Yeye husimama nyuma ya kwotabeki (mchezaji anayetupa pasi) upande mmoja, na ampaya husimama upande wa pili. Zamani ampaya alikaa katikati ya walinzi na alikuwa akigongwa ovyo, hivyo mwaka 2010 akahamishwa. Hadi leo hurudi kule mbele dakika mbili za mwisho za kipindi cha kwanza na tano za mwisho za kipindi cha pili, na pia mpira ukiwa karibu kabisa na endizoni (eneo la kufungia mwishoni mwa uwanja).

Jaji wa dauni (dauni ni kila jaribio moja kati ya manne ya kusogeza mpira yadi 10) na jaji wa mstari wanasimama kwenye ncha mbili za mstari wa kuanzia, pale mpira unapowekwa kabla ya kila jaribio. Kazi yao ni kuotea, kujongea kabla ya mpira kutolewa, na kuonyesha mpira umefika wapi. Jaji wa uwanja na jaji wa pembeni wako kama yadi 20 ndani ya eneo la ulinzi, na jaji wa nyuma kama yadi 25, katikati. Hao watatu ndio wenye pasi ndefu.

Juu kabisa kwenye chumba chake yuko mwamuzi wa video na msaidizi wake, wameunganishwa kwa redio na waamuzi wa uwanjani, na pia na kituo cha ligi cha marudio ya video huko New York.

Jambo ambalo mashabiki wengi hulisahau ni kwamba refa mkuu, yule mwenye maikrofoni, ni msomaji wa hukumu. Kosa lililotokea yadi 30 kutoka kwake hakuliona, ameambiwa na mwenzake. Ukisema refa fulani "ametupa vitambaa 14 dhidi yetu", hiyo ni hesabu ya kikosi kizima, na huenda yeye mwenyewe ametupa kimoja au hakutupa hata kimoja.

Vitu vingine wanavyotupa ni vya nini?

Kitambaa cha njano ni kosa. Kifuko kidogo cha buluu si kosa: kinaweka alama mahali mpira ulipomponyoka mchezaji au ulipobadilisha mikono, ili baadaye wajue pa kuanzia. Ukiona mwamuzi ametupa kofia yake, mara nyingi maana yake ni kwamba mpokeaji ametoka nje ya mstari, hivyo hawezi kurudi na kuwa wa kwanza kuugusa mpira. Kitambaa chekundu hutupwa na kocha.

Kwa nini kushikana kwa watu wa mstari wa mbele hakuadhibiwi kila mara? Mimi nakuona kila mchezo.

Unaona mikono, si kosa. Anayemkinga kwotabeki anaruhusiwa kumweka mlinzi mikono kifuani, ndani ya upana wa mwili, na hata kukamata jezi pale ndani. Kosa ni kumzuia kwa namna inayoonekana: mlinzi ameshampita, anageuka kwenda kwa mwenye mpira, mkono unamvuta nyuma, bega linapinda, jezi inanyooka kama pazia. Usiangalie mikono. Angalia mabega na miguu ya mlinzi, kwa sababu huko ndiko mwamuzi anakoangalia.

Halafu kuna misamaha ambayo watangazaji huitaja mara chache. Mlinzi akiingiza mkono chini ya kwapa la mpinzani na kuunyanyua ili ajichomoe, picha hufanana kabisa na kukabwa shingo, lakini huo ni mwendo wake mwenyewe. Haiwi kosa isipokuwa akiangushwa au miguu yake ikiondolewa. Mlinzi anayekabiliwa na watu wawili kwa pamoja naye akishikwa, kwa kawaida kitambaa hakitolewi. Na kushikana kulikotokea upande wa kushoto wakati mpira umeenda kulia, yadi 25 mbele, huachwa kwa makusudi kwa sababu hakukubadilisha kitu.

Adhabu ni yadi 10. Ni kosa linalolalamikiwa kuliko yote, na kwa maoni yetu ndilo linalohukumiwa kwa utulivu kuliko mashabiki wanavyodhani. Tatizo kubwa liko kwenye pasi.

Kuingilia pasi ni nini hasa, na kwa nini adhabu yake ni kubwa hivyo?

Mambo manne lazima yakutane: mpira uko hewani, mgusano umetokea zaidi ya yadi moja mbele ya mstari wa kuanzia, pasi inaweza kushikwa, na mgusano umemzuia mpokeaji kwa kiasi cha maana. Kimoja kikikosekana, si kuingilia pasi. Mpira ukiwa bado mkononi mwa kwotabeki, kosa ni lingine: mlinzi kumgusa mpokeaji kupita yadi tano za kwanza, au kumshika. Kila moja ni yadi 5 na dauni mpya ya kwanza.

Sasa angalia tofauti. Kumshika mpokeaji nusu sekunde kabla ya pasi kutoka: yadi 5. Kumshika nusu sekunde baada ya pasi kutoka: mpira unawekwa pale kosa lilipotokea, hata kama ni yadi 45 mbele, na ikiwa ni ndani ya endizoni unawekwa kwenye yadi ya 1. Mshambuliaji akifanya kosa hilohilo analipa yadi 10 tu. Kwa hiyo mwamuzi aliye mbio, anayetazama mikono miwili na hawezi kuutazama mpira kwa wakati huohuo, anaamua jambo linaloweza kuwa nusu ya uwanja. Chuki nyingi dhidi ya waamuzi chimbuko lake ni uzito huu wa adhabu, kabla hata hujafika kwenye macho ya mtu. Futiboli ya vyuo huko Marekani imeiwekea kikomo cha yadi 15. NFL imekataa, kwa hoja kwamba mlinzi aliyezidiwa angemshika tu mpokeaji makusudi ili kuzuia tachidauni (mpira kufikishwa endizoni). Hoja hiyo ina nguvu, lakini gharama yake ndiyo hii tunayogombania kila Jumapili.

Ile pasi ya Saints dhidi ya Rams ambayo haikupewa kitambaa ilikuwaje?

Ilikuwa fainali ya NFC (mojawapo ya konferensi mbili za ligi, nyingine ni AFC), 20 Januari 2019, New Orleans. Matokeo 20-20, dakika 1 na sekunde 49 zimebaki, dauni ya tatu, Saints wako kwenye yadi ya 13 ya Rams. Kwotabeki wao Drew Brees akatupa kwa mpokeaji Tommylee Lewis upande wa kulia. Mlinzi wa Rams Nickell Robey-Coleman akamgonga kabla mpira haujafika, bila hata kugeuka kuutazama, na hakuna kitambaa kilichotoka. Saints wakapata pointi 3 badala ya kuumaliza mchezo, Rams wakasawazisha na kushinda 26-23 katika muda wa ziada. Baadaye Robey-Coleman alitozwa faini kwa kugonga kwa helmeti katika tukio hilohilo.

Video haikusaidia kwa sababu kanuni haikuruhusu, haikuwa ajizi ya mtu. Msimu wa 2019 ligi ilijaribu kuruhusu rufaa kwenye kuingilia pasi, ikiwemo kosa ambalo halikupewa kitambaa. Mwaka ule uliwachosha wote: makocha walikata rufaa kwa matukio ya wazi, kituo cha New York kikakataa kugeuza, na hakuna aliyejua kipimo kiko wapi. Mwaka 2020 kanuni ikaachwa ife.

Rufaa ya kocha inafanyaje kazi?

Kila kocha ana rufaa mbili. Akishinda walau moja anapata ya tatu. Kabla ya 2024 ilibidi ashinde zote mbili. Ni lazima awe na taimauti (haki ya kusimamisha saa) mkononi, maana akishindwa anaipoteza. Kitambaa chekundu kitoke kabla ya mpira wa jaribio linalofuata kutolewa. Ndiyo maana utaona timu iliyopata pasi yenye utata inakimbilia mstari haraka haraka.

Dakika mbili za mwisho za kila kipindi na muda wa ziada wote, kocha hana mamlaka, mwamuzi wa video ndiye anayeanzisha. Tachidauni zote na mpira wote uliobadilisha mikono hukaguliwa bila kuombwa. Kocha anayetupa kitambaa chekundu kwa tachidauni anajichomea taimauti bure.

Ili uamuzi ugeuzwe, picha lazima ionyeshe wazi bila shaka kwamba ulikuwa na makosa. Kama haionyeshi, uamuzi wa uwanjani unabaki, hata kama watu 7 kati ya 10 sebuleni wanadhani vingine. Anayejua VAR ya soka atauelewa utaratibu huu haraka, isipokuwa hapa kocha ana sauti na taimauti ya kupoteza.

Kwa nini video isitumike kutoa adhabu iliyosahaulika?

Kwa sababu ligi imechagua njia moja tu: kuondoa kitambaa, si kuongeza. Tangu 2025 mwamuzi wa video anaweza kuwaambia wa uwanjani waokote kitambaa walichotoa kimakosa kwa makosa kama kuvuta barakoa ya helmeti, kumgonga mchezaji asiyejikinga, kumkamata mtu nyuma ya kola, kumtega mguu au kumgusa mpigaji mpira. Hawezi kuwaambia watoe kitambaa ambacho hakikutoka. Ligi inaogopa kwamba ukifungua mlango huo, kila mchezo una kosa dogo mahali fulani, na kila tachidauni itasubiri mtu wa New York atafute sababu ya kuifuta.

Mpira umewekwa pabaya. Si kuna kamera za kupima?

Kamera za Hawk-Eye zilianza kutumika rasmi 2025 kupima kama mpira umefika mstari wa dauni ya kwanza, na mnyororo wa kupimia yadi 10 ukabaki kuwa akiba. Lakini zinapima kuanzia pale mwamuzi alipouweka mpira. Kuuweka bado ni mguu na jicho la binadamu, akikimbia kutoka pembeni kuelekea rundo la watu.

Fainali ya AFC ya Januari 2025 inaonyesha vizuri. Bills wanaongoza 22-21 mwanzoni mwa robo ya nne, dauni ya nne na yadi moja kwenye yadi ya 41 ya Chiefs. Josh Allen, kwotabeki wa Bills, anajipenyeza katikati. Mwamuzi wa upande mmoja anakuja akionyesha amefika, wa upande wa pili anakuja akionyesha hajafika, na mpira unawekwa kwa alama ya huyu wa pili. Kwenye marudio huwezi kuuona mpira wenyewe chini ya miili, kwa hiyo hakuna picha ya wazi ya kugeuza lolote. Chiefs walichukua mpira, wakafunga, na wakashinda 32-29. Kama alama ya kwanza ndiyo ingetumika, nayo isingegeuzwa. Katika hali kama hiyo kila kitu kinategemea nani alionekana kuwa na uhakika zaidi sekunde ile.

Saa ya kutoa mpira ilisoma sifuri na hawakuadhibiwa. Kwa nini?

Jaji wa nyuma huitazama saa mpaka isome sifuri, kisha anashusha macho kwenye mpira. Ukiwa umeshaanza kutoka, anaachilia. Kushusha macho huko kunachukua muda, na kwotabeki wazoefu wanaujua na kuutumia.

Detroit Lions walinyimwa pointi mbili za nyongeza baada ya tachidauni huko Dallas mwaka 2023. Kanuni inasemaje?

Mchezaji mwenye namba kati ya 50 na 79, au 90 na 99, haruhusiwi kupokea pasi mpaka ajiandikishe kwa refa mkuu kabla ya jaribio husika. Hufanya hivyo kwa kumwendea na kupitisha mikono kifuani juu ya namba, kisha refa anautangazia upande wa ulinzi. Tarehe 30 Desemba 2023, zikiwa zimebaki sekunde 23, Detroit walituma watu kadhaa wa mstari karibu na refa kwa pamoja ili kuwachanganya Dallas. Refa akatangaza namba 70, Dan Skipper. Pasi ikaenda kwa namba 68, Taylor Decker, ikafutwa, na Dallas wakashinda 20-19. Detroit walisisitiza kwamba Decker alijiandikisha, refa akasema hakufanya hivyo.

Tuseme ukweli: hila ya kuwachanganya wapinzani ilimchanganya refa. Lakini refa aliyetangaza namba isiyo sahihi ni refa aliyekosea pia, na kuwalaumu Lions peke yao si haki.

Je, waamuzi wanaibeba Kansas City Chiefs?

Swali hili limeulizwa zaidi kuliko yote kwa miaka kadhaa. Ukitaka kulijibu kwa haki, fanya hivi:

1. Tenganisha adhabu zilizokubaliwa, zilizokataliwa na zilizofutana. Jedwali nyingi za mtandaoni huhesabu zilizokubaliwa tu.
2. Tenganisha adhabu za kabla ya mpira kutolewa. Kujongea mapema au kuchelewesha hakuna upendeleo ndani yake, ni uzembe wa timu.
3. Zilizobaki zipime kwa athari. Yadi 5 kwenye dauni ya kwanza katikati ya uwanja si sawa na yadi 5 kwenye dauni ya tatu dakika ya mwisho.
4. Linganisha na timu zinazocheza vilevile. Timu inayotupa pasi nyingi na kuongoza mara nyingi itakutana na makosa ya ulinzi zaidi, kwa kuwa wapinzani wamekata tamaa na wanashika.
5. Kumbuka msimu una michezo 17 tu. Tofauti ya vitambaa sita au saba inaweza kutokea kwa bahati.

Mfano unaotajwa sana ni Super Bowl (fainali ya ligi) ya Februari 2023, Chiefs 38, Eagles 35. Dauni ya tatu, zimebaki dakika 1 na sekunde 54, mlinzi wa Eagles James Bradberry akapewa adhabu ya kumshika JuJu Smith-Schuster, mpokeaji wa Chiefs. Baada ya mchezo Bradberry mwenyewe alikiri kwamba aliivuta jezi na alitumaini wangemwachia. Hoja ya Eagles yenye uzito ni kwamba mvuto mdogo wa namna ile ulikuwa ukiachwa mapema katika mchezo. Hayo ni malalamiko ya kutofuata kipimo kimoja, na ni halali. Kusema ligi ilipanga matokeo ni dai jingine kabisa, lenye kuhitaji ushahidi wa aina nyingine.

Mwamuzi akikosea anafanywa nini?

Ofisi ya ligi humpa kila mwamuzi alama kwa kila mchezo aliousimamia. Klabu nazo hutuma matukio yanayolalamikiwa na kurudishiwa majibu ambayo kwa kawaida hayatangazwi. Wenye alama za juu ndio wanaochezesha mchujo (michezo ya mtoano baada ya msimu), ndiyo sababu utaona kikosi cha Super Bowl kimechanganywa kutoka vikosi mbalimbali. Wa chini wanaweza kuachishwa. Hadharani utakachokipata ni kauli fupi tu: mwandishi mmoja huteuliwa kumhoji refa baada ya mchezo kwa niaba ya wenzake wote. Kocha akimshambulia mwamuzi hadharani hutozwa faini.

Ni kweli wana kazi nyingine?

Wengi wao, ndiyo. Wamo wanasheria na walimu. Ligi ilianza mpango wa waamuzi wa kudumu 2017, ukasimama 2019.

Kuwabadilisha wote kungesaidia?

Ilijaribiwa bila kukusudiwa. Mwaka 2012 ligi iliwafungia nje waamuzi wake kwa mgogoro wa mkataba na kuleta wa muda. Tarehe 24 Septemba, Seattle dhidi ya Green Bay, pasi ya mwisho ikashikwa na watu wawili kwa pamoja. Mwamuzi mmoja akanyoosha mikono kuashiria tachidauni, mwenzake aliye hatua chache akaashiria kusimamisha saa. Seattle wakashinda 14-12. Siku mbili baadaye mkataba ukapatikana.

DIVISHENI

Ratiba inapangwaje?

Tangu 2002 kuna timu 32, konferensi mbili, kila moja ina divisheni nne za timu nne. Jiografia isikusumbue: Dallas wako NFC East kwa sababu ya uhasama wa zamani na wenzao wa huko, ramani haikuulizwa. Michezo 17 hugawanyika hivi: 6 ndani ya divisheni, 4 dhidi ya divisheni nzima ya konferensi yako, 4 dhidi ya divisheni nzima ya konferensi nyingine, 2 dhidi ya timu za konferensi yako zilizomaliza nafasi kama yako mwaka uliopita, na 1 ya namna hiyohiyo kutoka konferensi nyingine.

Kwa hiyo "ratiba ya bingwa" na "ratiba ya mkia" hutofautiana kwa michezo mitatu tu. Anayekwambia timu yake ilifuzu kwa ratiba ya mkia, au ilishindwa kwa ratiba ya bingwa, mwambie aitaje hiyo mitatu.

Nitajuaje divisheni ipi ni ngumu?

Kosa la kwanza ni kujumlisha ushindi wote. Michezo ya ndani ni 12, na lazima itoe ushindi 12 na vipigo 12 (sare zikikosekana), hata timu zikiwa mbovu kiasi gani. Ondoa hiyo kwanza.

NFC North ya 2024: Detroit 15-2 (ushindi 15, vipigo 2), Minnesota 14-3, Green Bay 11-6, Chicago 5-12. Jumla 45-23. Ukitoa 12-12, nje ya divisheni ni 33-11. Green Bay walimaliza 1-5 ndani na 10-1 nje. Mchezo pekee walioshindwa nje ni ule wa kwanza dhidi ya Eagles kule São Paulo.

NFC East ya 2020: Washington 7-9, Giants 6-10, Cowboys 6-10, Eagles 4-11-1 (namba ya tatu ni sare). Jumla 23-40-1, nje 11-28-1. Hiyo ndiyo divisheni dhaifu, na huhitaji takwimu za hali ya juu kuiona.

Kosa la pili ni kuishia hapo. Angalia walicheza na nani. NFC North ya 2024 ilipangiwa AFC South yote, na ikapata 14-2. Toa hizo: inabaki 19-9. Bado ni nzuri sana, ila si ile 33-11 ya kutisha. Na AFC South ilikuwa mbovu kweli, au ilifanywa ionekane mbovu na NFC North? Nje ya divisheni yao walimaliza 13-31. Ukiwatolea ile 2-14, wanabaki 11-17. Walikuwa dhaifu kwa yeyote.

Kosa la tatu ni kutumia mchujo kama hukumu ya mwisho. Timu tatu za NFC North ziliingia mchujo mwaka ule na zote zikatoka bila kushinda hata mchezo mmoja. Hiyo ni michezo mitatu dhidi ya 44 ya nje. Mashabiki wa divisheni nyingine waliicheka sana, na wana haki ya kucheka, lakini kicheko si kipimo.

Inawezekanaje timu yenye vipigo vingi kuliko ushindi iandae mchezo wa mchujo?

Kila bingwa wa divisheni hupata nafasi kati ya ya 1 na ya 4, na wale watatu wa waildikadi (waliofuzu bila kutwaa divisheni) hupata ya 5 hadi ya 7. Bingwa mbaya kuliko wote bado anacheza nyumbani dhidi ya waildikadi bora. Mifano: Seattle 2010 (7-9), Carolina 2014 (7-8-1), Washington 2020 (7-9), Tampa Bay 2022 (8-9). Seattle waliwatoa Saints waliokuwa 11-5, kwa 41-36, na Carolina nao walishinda. Upande wa pili, New England 2008 walimaliza 11-5 na hawakuingia kabisa, wakati San Diego waliingia kwa 8-8.

Mwaka 2024 Minnesota wenye 14-3 walikuwa nafasi ya 5 na wakawa wageni wa Rams wenye 10-7. Mchezo ulihamishiwa Arizona kwa sababu ya moto wa Los Angeles, Rams wakashinda 27-9. Detroit baadaye walipendekeza nafasi zipangwe kwa rekodi, kisha Mei 2025 wakaliondoa pendekezo kabla ya kura.

Maoni yetu: bingwa wa divisheni aingie, hilo ndilo linaloipa maana michezo sita ya ndani. Lakini kuandaa mchezo kupewe rekodi. Timu yenye ushindi minne zaidi kusafiri kwenda kwa timu ya 10-7 hakuna anayeweza kukutetea kwa hoja ya futiboli, ila kwa hoja ya mapato ya mlangoni.

Timu zikilingana, nani anapita?

Ndani ya divisheni, kwa mfuatano: walipokutana wenyewe, rekodi ya divisheni, rekodi dhidi ya wapinzani wa pamoja, rekodi ya konferensi, nguvu ya ushindi, nguvu ya ratiba. Baada ya hapo ni pointi za kufunga na kufungwa, na mwisho kabisa sarafu. Kwa waildikadi, rekodi ya konferensi hutangulia wapinzani wa pamoja, ambao lazima wafikie michezo minne. Wa divisheni moja hutenganishwa kwanza kabla ya kulinganishwa na wengine. Hapo ndipo mashabiki wengi hukosea hesabu.

Nguvu ya ushindi ni asilimia ya ushindi ya timu ulizozifunga tu. Uliyoifunga mara mbili huhesabiwa mara mbili. Nguvu ya ratiba huhesabu wote uliocheza nao. Rams na Seattle wote walimaliza 10-7 mwaka 2024, na taji la NFC West likaamuliwa kwa nguvu ya ushindi. Yaani michezo ya watu wengine kabisa, ya wiki zilizopita, ndiyo iliyowapa Rams nafasi ya 4.

Orodha za "ratiba ngumu" zinazotoka kabla ya msimu zina maana?

Kidogo. Hutumia rekodi za mwaka uliopita, wakati makocha na kwotabeki wameshabadilika.

Michezo inaanza saa ngapi kwa Afrika Mashariki?

Jumapili ile ya mapema huanza saa 2 usiku, ya pili saa 5 na dakika kadhaa usiku, na ya usiku wa Marekani saa 9:20 usiku wa kuamkia Jumatatu. Kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba, Marekani wakirudisha saa nyuma, ongeza saa moja kwa kila mchezo. Super Bowl kwa kawaida ni saa 8:30 usiku kuamkia Jumatatu. Goma, Bukavu, Kigali na Bujumbura punguza saa moja. Muscat ongeza moja.